Picha za Kanisa la Jumièges

Katika siku za jubilei tunakumbuka yaliyojengwa na waliotutangulia. Basi yafaa tutazame pia habari za watu wa mbali waliokaribia kuyapoteza yao.

Katika nchi ya Ufaransa, huko Normandie, kando ya mto Seine, yako magofu ya abasia ya Jumièges. Mtakatifu Philibert aliianzisha mwaka wa 654. Mwaka wa 841 maharamia wa Kaskazini walipanda mto kwa mashua zao, wakaiteketeza. Wamonaki wakajenga tena, na kanisa lao kubwa likawekwa wakfu mwaka wa 1067, mbele ya Guillaume, mtawala wa Normandie, aliyekuwa ameitwaa Uingereza mwaka uliotangulia. Minara yake miwili yapata mita 46 kwenda juu.

Kanisa hilo halikuangushwa na maharamia. Baada ya mapinduzi makubwa wamonaki walitawanywa, mali yao ikauzwa. Aliyelinunua mwaka wa 1802 hakutaka kanisa, alitaka mawe. Akaibomoa sehemu ya altare kwa baruti, akayauza mawe yake.

Hata mwaka wa 1820 Charles Nodier, Taylor na Cailleux walianza kupiga chapa vitabu vikubwa vya safari katika Ufaransa ya kale. Katika kitabu cha kwanza, cha Normandie, zimo picha za Jumièges. Zilipigwa kwa ufundi uliovumbuliwa na Alois Senefelder huko Munich, yapata mwaka wa 1798. Mchoraji huchora kwa kalamu ya mafuta juu ya jiwe la chokaa lililosuguliwa likawa laini. Jiwe hulowanishwa maji, kisha hupakwa wino. Penye maji wino haushiki, bali penye mafuta hushika. Karatasi ikigandamizwa juu yake, picha hutoka. Hivyo jiwe moja lilitunza sura ya mawe yaliyokuwa yakiuzwa.

Walakini tusizisifu picha hizo kupita kiasi. Wachoraji wa siku zile walipendezwa na magofu yenyewe, kuta zisizo na paa na majani yaotayo juu yake. Nazo zilichelewa, kwa maana altare ilikuwa imekwisha kuvunjwa. Lakini vitabu vya namna hii viliwafundisha watu kuona hasara yao. Mwaka wa 1830 serikali iliweka mkaguzi mkuu wa majengo ya kale. Na mwaka wa 1852 jamaa ya Lepel-Cointet waliyanunua magofu ya Jumièges, wakayatunza. Hata leo minara ingali imesimama, wala paa halikurudishwa.

Nanyi walimu, msingoje magofu. Wapelekeni watoto kanisani wakalichore lingali zima, wawaulize wazee ni nani aliyefyatua matofali yake na nani aliyebeba maji, wakayaandike majina hayo.