Takhmisi Bila Maneno

Mshairi wa pwani akizipenda beti za mtangulizi wake huzitungia takhmisi: huchukua maneno ya mwenziwe, akayatangulizia mishororo yake, na yale ya kale yakafunga ubeti. Ndivyo Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alivyozifanyia beti zinazonasibishwa na Fumo Liyongo. Ufundi unaokaribiana na huo ulipata kufanywa kwa piano, na beti zilizochukuliwa zilikuwa nyimbo za Waafrika.

Karne ya 19 watunzi wa Ulaya walivipenda vipande vifupi vya piano, kila kimoja kikibeba hali moja ya moyo: huzuni, mchezo, ndoto. Mendelssohn aliviita vyake Nyimbo Bila Maneno. Mwaka 1838 Robert Schumann alitunga vipande 13 juu ya utoto, na baadaye akaeleza kwamba majina yake aliyatia baada ya muziki kwisha, yawe dokezo tu kwa mpigaji. Muziki ulitangulia, jina likafuata.

Kwa Samuel Coleridge-Taylor mambo yalikwenda kinyume. Mtunzi huyu alizaliwa London mwaka 1875, mama yake Mwingereza na baba yake daktari kutoka Sierra Leone. Mwaka 1905 kampuni ya Oliver Ditson ya Boston ilichapisha vipande vyake 24 vya piano vilivyojengwa juu ya nyimbo za Waafrika na za watu weusi wa ng'ambo ya Atlantiki, na Booker T. Washington akauandikia mkusanyo huo dibaji. Coleridge-Taylor alisema alikusudia kuzitendea nyimbo hizo kama Brahms alivyozitendea za Hungaria, Dvořák za Bohemia na Grieg za Norwei. Juu ya kila kipande aliuweka wimbo wenyewe, mtupu, na yote yanayofuata ni mageuzi ya wimbo huo.

Cha nne kinaitwa Hawataki Kuniazima Mtoto. Asili yake ni Waronga wa Ghuba ya Delagoa, palipo mji wa Maputo leo. Mmisionari Mswisi, Henri Junod, alizikusanya nyimbo na hadithi zao katika kitabu cha mwaka 1897. Kitabu kikafika London, na kutoka London wimbo ukaenda Boston. Katika safari hiyo maneno yalidondoka njiani, likasalia jina. Nalo si dokezo la mtunzi kama la Schumann. Ni kauli ya mtu aliyeomba akanyimwa, na muziki wote umesimama juu yake.

Basi mpigaji afanyeje? Piano ni chombo kigumu kwa wimbo: sauti yake ikishagongwa huanza kufa, wala kidole hakiwezi kuikuza tena. Mwimbaji huivuta pumzi apendavyo. Mpigaji hana ila kupima uzito wa vidole na kuikanyaga pedali kwa hadhari. Funzo la kumfaa liko mbali na kumbi za Ulaya. Ng'ambo ya mpaka kutoka Mabamba, wilayani Kibondo, Warundi wana inanga, ubao uliochongwa kama chano na kupitishiwa nyuzi. Ipo namna ya kuipiga ambapo mwimbaji hanyanyui sauti, bali hunong'ona. Kirundi, kama nduguye Kiha cha Mabamba, ni lugha ya toni. Sauti ikipanda au ikishuka, maana yaweza kugeuka. Mnong'ono hauna kupanda wala kushuka, kwa hiyo nyuzi huubebea mahadhi, na sikio la msikilizaji huuunganisha mnong'ono na uzi hata ukadhani ni mdomo unaoimba.

Piano ina nyuzi lakini haina mnong'ono. Hapo ndipo kazi ya mpigaji wa kipande cha nne inapoanzia: maneno yaliyodondoka ayarudishe kimoyomoyo, aupige wimbo wa mwanzo kama mtu anayesema, na mageuzi yanapojaa sauti asiiache kauli ile ikazama.

Lipo pia deni. Takhmisi ya Liyongo imelihifadhi jina la Liyongo pamoja na la aliyemtungia. Mwimbaji wa Kironga hakubakiziwa jina. Coleridge-Taylor naye aliijua hasara ya namna nyingine: Karamu ya Harusi ya Hiawatha, iliyompa umaarufu mwaka 1898, aliiuza kwa gini 15, na nakala zilipouzwa kwa wingi hakupata fungu. Alifariki mwaka 1912, na umri wake miaka 37. Tamasha linaloandika jina lake peke yake juu ya kipande hiki limeandika nusu ya watunzi. Nusu ya pili yaweza kulipwa kwa maneno machache kabla ya kugusa piano: wimbo huu ni wa Waronga, na aliyeuimba alikuwa anaomba mtoto.