Mikia Kwenye Tope

Makao makuu ya nchi yetu yana jina la mnyama aliyezama. Hadithi wanayosimuliwa wageni wengi ni ya tembo: alikuja kunywa maji kwenye kijito cha Kikuyu, akanasa topeni, akadidimia, na watu waliomwona wakasema kwa Kigogo “idodomya”, yaani amezama. Ipo nyingine, na ndiyo ninayoipenda. Vijana wa Kigogo waliswaga kundi la ng'ombe wa jirani zao Wahehe, wakachinja, wakala, wakasaza mikia tu. Wahehe walipokuja kuulizia mali yao walipelekwa bwawani, wakaonyeshwa mikia iliyochomekwa kwenye tope. Poleni sana ndugu zetu, ng'ombe wenu wamezama.

Hakuna mwanahistoria atakayekuapia kwamba jambo hilo lilitokea. Ila mimi humwona vizuri yule mgeni aliyesimama kwenye ukingo wa bwawa, anatazama mikia, anaamini ameona kila kitu. Wageni wa Ugogo wamekuwa wakisimama pale kwa zaidi ya karne moja na nusu. Sisi tuliohamia na mafaili ya serikali kutoka Dar es Salaam ndio wa mwisho kwenye foleni.

Mtu wa Pwani akija kwa barabara, kijani humwaga mkono karibu na Gairo. Baada ya hapo ni miiba, mibuyu na vumbi jekundu. Mvua ya Dodoma kwa mwaka ni milimita 600 au pungufu, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Miezi mingine mbingu hufungwa. Jicho lililozoea minazi na miembe linasema hapa hakuna kitu. Na sikio tayari limeshaandaliwa: wengi wetu tumekulia Dar na utani kwamba Mgogo ni ombaomba. Tunashuka stendi tukiwa na hukumu mfukoni.

Sasa tuulize hicho kitu kiko wapi. Kwa muda mrefu kilikuwa ndani ya nyumba. Tembe la Mgogo lilikuwa refu, la miti na udongo, paa bapa la udongo, likizunguka ua wa katikati. Ua huo ndio zizi. Ng'ombe walilala katikati ya familia, ndama na mbuzi wadogo wakapata chumba chao, na samadi ikaenda kwenye shamba la uwele na mtama lililokuwa jirani na nyumba. Mgeni wa mjini huanza na harufu na inzi. Mwenye nyumba anaona akiba, mbolea, mahari na chakula cha mwaka ambao mvua itakataa.

Tena hata anayehesabu ng'ombe zizini hajui anachohesabu. Mgogo mwenye mifugo hakuiweka yote mahali pamoja. Alimpa rafiki wanane wa kulea, shemeji watano, mtu wa kijiji cha mbali watatu. Mlezi alikunywa maziwa na kutumia samadi; ng'ombe na uzao wao walibaki wa mwenyewe. Ukame ukishika huku, kule huenda kumenyesha. Ugonjwa ukifagia zizi moja, mengine yanabaki. Kwa hiyo mwenye zizi kubwa anaweza kuwa mlezi tu, na yule mzee mwenye ng'ombe wawili nyuma ya nyumba akawa tajiri wa tarafa nzima. Benki zetu zimechukua muda mrefu kufungua matawi mengi hivyo.

Wasafiri wa karne ya 19 hawakuliona hili. Burton na Speke walipita Ugogo mwaka 1857, Stanley mwaka 1871, na wote walilalamikia hongo, ile kodi ya nguo, shanga na waya ambayo kila mtemi aliidai kabla ya msafara kuvuka eneo lake. Wameandika kana kwamba waliporwa. Lakini misafara ya kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji iliingia Ugogo baada ya kuvuka Marenga Mkali, nyika isiyo na maji ya kutegemea, ikiwa na mamia ya wapagazi wenye kiu. Maji waliyoyakuta yalikuwa ya watu na ya ng'ombe wao, na hayakuwa mengi. Ukinywa kisima cha kiangazi cha mwenzako, unalipa. Sioni ugumu wa kulielewa hilo.

Kilichokuja baadaye hakikuwa cha malalamiko ya wasafiri. Katika Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Wajerumani na kisha ya Waingereza yalichukua Ugogo nafaka, wanaume wa kubeba mizigo, na ng'ombe. Mvua zilipogoma, watu walikimbilia benki wakakuta imeshavunjwa. Njaa ya miaka ya 1917 hadi 1920 Wagogo waliiita Mtunya. Iliua maelfu kwa maelfu. Watu waliacha makazi, wazazi waliweka watoto wao kwa watu wenye chakula. Nikisikia ule utani wa ombaomba siku hizi huwa nafikiria mfuatano huo: kwanza ng'ombe wa mtu wanachukuliwa, halafu njaa, halafu mtu anachekwa kwa kunyoosha mkono.

Halafu likaja lile la Kongwa, ambalo ningependa lifundishwe kwa wapangaji wote wa miji.

Mwaka 1946 Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kula. Frank Samuel wa kampuni ya United Africa alipata wazo la kulima karanga Afrika Mashariki kwa mashine. Ujumbe ulioongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika, ukatembelea maeneo kwa wiki chache, sehemu kubwa ikitazamwa kutoka kwenye ndege. Mpango ukatoka: ekari zaidi ya milioni tatu zilimwe katika miaka sita, na Kongwa, huku Ugogo, pawe mahali pa kuanzia. Sifa mojawapo ya Kongwa ilikuwa kwamba palikuwa hapana watu wengi. Yaani kile ambacho kingepaswa kumfanya mtu aulize maswali ndicho kilichohesabiwa kuwa bahati.

Walifika mwanzoni mwa 1947, wengi wao wanaume waliotoka jeshini, mafundi na madereva wa mijini waliozoea mashine. Matrekta yalikuwa masalia ya vita. Mengine yalitoka Ufilipino yakiwa yameshika kutu. Vifaru vya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta. Kichaka cha Kongwa kikawapokea. Mizizi yake ilivunja majembe, mchanga wake ukasaga vyuma, mibuyu ikagoma kung'oka, na ndani ya mibuyu mlikuwa na nyuki, ambao hawakusoma mpango wa serikali. Madereva waliruka kutoka kwenye matrekta wakikimbia. Baadhi waliishia hospitali. Kabla ya mwaka 1947 kwisha, ambao lengo lake lilikuwa ekari 150,000, zilizokuwa tayari hazikufika 10,000. Na pale karanga zilipoota, mvua ilikatika mapema, udongo wa mfinyanzi ukakauka ukawa kama tofali, na karanga zikabaki zimefungiwa humo.

Januari 1951 mradi ulifutwa. Hasara ilikuwa karibu pauni milioni 36 za wakati huo. Kilichobaki Kongwa baada ya matrekta kuondoka ni ranchi. Ng'ombe! Leo Ranchi ya Kongwa iko chini ya Kampuni ya Ranchi za Taifa, na pale palipokusudiwa karanga wanalisha ng'ombe aina ya Boran. Kila mchungaji wa miaka ya 1940 angeweza kuwaambia hivyo bure.

Haikuwa kwamba serikali ya kikoloni haikuwa na mtu aliyejua mifugo. Mpwapwa, si mbali na Kongwa, kulikuwa na kituo cha mifugo tangu enzi za Wajerumani, na hapo ndipo ilipozalishwa ile mbegu ya ng'ombe iitwayo Mpwapwa, mchanganyiko wa zebu wetu, damu ya Asia na kidogo ya Ulaya. Kazi ya miaka mingi, ya polepole. Haikupigiwa tarumbeta hata moja.

Uhuru haukuondoa tatizo la macho. Mwaka 1971 Operesheni Dodoma iliwakusanya Wagogo katika vijiji. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikwenda Chamwino kufanya kazi na wanakijiji. Nia ilieleweka: shule, zahanati, maji. Lakini nyumba mpya ya tofali, safi, ya kunyooka kwenye mstari, haikuwa na ua wa ng'ombe katikati yake, na makundi yaliyokuwa yametawanyika yakajikuta yakigombea malisho yaleyale ya jirani. Mwaka 1973 TANU iliamua makao makuu yahamie Dodoma, ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, na mwaka 1976 ukapatikana mpango wa mji uliochorwa na wataalamu kutoka Toronto. Ulikuwa mpango wa heshima, mji wa kutembea kwa miguu. Ulipaswa kukamilika kwa miaka 10. Kwa miaka zaidi ya 40 wakubwa waliendelea kuishi Dar na kuja huku kwa vikao vya Bunge.

Julai 2016 Rais Magufuli akasema sasa basi, tunahama. Waziri Mkuu alitangulia Septemba mwaka huohuo. CDA ikavunjwa Mei 2017, baada ya miaka ya malalamiko ya wananchi kuhusu ardhi. Aprili 2018 Dodoma ikawa jiji, na Mtumba ukaanza kujengwa Mji wa Serikali. Nasi tukafuata, na magodoro yetu juu ya malori.

Huu mji unakua kwa kupima viwanja, na kiwanja kinapenda ardhi tupu, kama karanga za Wakefield. Mthamini akija huhesabu nyumba, miti na mazao. Njia ambayo ng'ombe wameifuata miaka nenda rudi kwenda majini haina mlango, haina mkorosho, ni vigumu kuiandika kwenye fomu. Kwa hiyo asubuhi unaweza kuona kundi limesimama mbele ya ukuta mpya, limeduwaa, mchungaji wa miaka kumi na miwili hivi akilitafutia pa kuzungukia, na mwenye gari akipiga honi kwa hasira kana kwamba ng'ombe ndio waliohamia juzi.

Sisemi mji usijengwe. Ninaishi ndani yake, kwenye kiwanja kilichopimwa, na kwa miezi sita mbuzi wa jirani walinila michungwa hadi nikaacha kuotesha. Jirani mwenyewe alicheka, akaniletea samadi, akanielekeza kuzungushia miiba. Ninachosema ni kwamba pangekuwepo na safu moja ya ziada kwenye ile fomu.

Jumamosi watumishi wengi huenda mnada wa Msalato kula nyama choma. Wengi huishia hapo kwenye mabanda ya nyama. Mwenzangu mmoja wa ofisini, mzaliwa wa Temeke, mwaka jana alivuka upande wa pili, kwenye ng'ombe wazima, akanunua mitamba miwili. Hana zizi, anakaa nyumba ya kupanga. Akampa mzee mmoja wa huko nje ya mji amlelee, kwa masharti yaleyale ya zamani, maziwa na samadi kwa mlezi, ndama kwa mwenyewe.

Wiki iliyopita simu ililia tukiwa kwenye kikao. Akatoka nje kuipokea, akarudi anatabasamu, akaninong'oneza kuwa mmoja amezaa, jike. Nikamuuliza, wa rangi gani? Akatoka tena kupiga.