Mistari ya miti katikati ya bustani ya mboga

Msikilizaji, kila tukizungumzia kilimo hai swali hili hurudi: mbolea ya kutosha mboga nitaipata wapi bila kununua ya viwandani? Jibu mojawapo ni kuiotesha humo humo shambani, kwa kupanda mistari ya miti na kulima mboga katikati yake.

Chagua miti ya jamii ya kunde, kama glirisidia au mlusina. Mizizi yake huishi na bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani, na sehemu kubwa huishia kwenye majani. Ukiyatandaza juu ya tuta, majani ya glirisidia huoza ndani ya wiki chache. Fosforasi yake ni kidogo, kwa hiyo samadi na mboji usiache.

Kati ya mstari na mstari acha mita 4 hadi 8. Kwenye tambarare, mistari ielekee mashariki na magharibi ili kivuli kisikae juu ya mboga. Mlimani, kama kule Uluguru, fuata kontua ili miti izuie udongo usiteremke.

Njia hii ilifanyiwa utafiti mkubwa Ibadan, Nigeria, tangu miaka ya 1970, ikasifiwa sana. Ilipofika penye mvua haba, wakulima wengi waliiacha: miti iligombania maji na mazao, na kukata matawi kulidai mikono wakati ule ule wa palizi. Kama kwenu ni kukavu na huna maji ya kumwagilia, panda miti pembezoni tu.

Miti ikifikisha mwaka, ikate ibaki nusu mita kutoka ardhini. Baada ya hapo, wakati wa mvua, rudia kila wiki 6 hadi 8 bila kuahirisha. Mimi nilichelewa msimu mmoja tu, mchicha ukarefuka mwembamba kama uzi. Mchicha, sukuma wiki na mnavu huvumilia kivuli chepesi. Nyanya zinataka jua, zipande katikati kabisa, mbali na miti.

Vijiti ni kuni. Majani mbuzi hula, ingawa wengine huyakataa mpaka yanyauke kidogo. Kuku usiwape, glirisidia ina sumu kwao. Amerika ya Kati huitumia kuulia panya. Na kila mzigo unaompa mbuzi ni mbolea umeitoa tutani, basi samadi yake irudi hapo hapo.