Mkate wa Rai katika Nyumba za Wakulima wa Ufini

Habari za wafalme na za vita zimejaa vitabuni. Habari za jikoni ni haba, kwa kuwa waliozijua sana hawakushika kalamu. Hata hivyo mtu atakaye kujua jinsi taifa lilivyoishi, na aulize watu walikula nini, na nani aliyewapikia. Leo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu habari za mkate wa nchi ya Ufini, iliyoko kaskazini mwa Ulaya, ambako theluji hufunika mashamba miezi mingi ya mwaka.

Mkate huo haufanywi kwa ngano, bali kwa nafaka iitwayo rai. Rai ni ndugu yake ngano, lakini yavumilia baridi na udongo dhaifu. Hupandwa mwisho wa majira ya joto, ikachipua, ikalala chini ya theluji, na kuvunwa mwaka wa pili. Upande wa mashariki watu wa kale walikata msitu wakauchoma, wakapanda katika majivu, kama walivyofanya wengi wa kwetu. Masuke yalikaushwa ndani ya nyumba ya moto na moshi kabla ya kupurwa.

Unga wa rai hauumuki kwa urahisi kama wa ngano. Usipotiwa ukali wa chachu, ndani ya mkate hubaki kama gundi. Basi mama wa nyumba alikandia unga katika pipa la mti, na kazi ikiisha hakuliosha. Alilikwangua tu, akaliacha likauke pamoja na unga ulioshikamana nalo kandokando. Siku ya kuoka tena alitia maji ya vuguvugu na unga, na chachu iliyolala ikaamka. Wafini huiita chachu hiyo kwa neno lile lile la mzizi, nasi twaona ni jina la haki, maana mama alimwachia binti, na mkate wa mjukuu ukatoka katika pipa la bibi. Wafugaji wetu hawatashangaa: kibuyu cha maziwa nacho hubaki na kitu cha maziwa ya jana, ambacho hugandisha ya leo.

Tanuru ilikuwa kubwa, ya mawe au matofali. Kuni ziliwashwa ndani yake hata mawe yakashika moto; kisha makaa yakakokotwa, majivu yakafagiwa kwa matawi mabichi. Kipimo cha joto hakikuwapo. Mama alirusha unga kidogo sakafuni mwa tanuru: ukiungua mara moja, alingoja, ukigeuka rangi polepole, aliingiza mikate.

Lakini desturi haikuwa moja. Mashariki tanuru ilikuwa katika chumba cha kukaa, nayo iliwashwa mara kwa mara kwa ajili ya baridi. Kwa hiyo watu walioka kila juma, na mkate wao ulikuwa mnene na laini. Magharibi walioka mara chache kwa mwaka, hasa wakati wa mito kujaa, ambapo vinu vya maji viliweza kusaga. Mikate yao ilikuwa bapa, ya mviringo, yenye tundu katikati. Waliitunga katika fito ndefu, wakazitundika chini ya dari, ikakauka na kudumu miezi. Mgeni akiinua macho tu, alijua nyumba ile ina akiba au haina. Mkate wenye tundu huuzwa madukani hata leo, ingawa nyumba nyingi hazina tena ufito wa kuutundikia.

Fito hizo hazikujaa kila mwaka. Mavuno yakipungua, watu waliingia msituni mwanzo wa majira ya joto, wakabandua maganda ya misonobari, wakachukua utando wa ndani, wakaukausha, wakaukaanga, wakausaga, wakauchanganya na unga wa rai. Mkate huo ulikuwa mchungu, nao ulijaza tumbo kuliko kuulisha mwili. Mwaka 1867, baada ya miaka ya mavuno mabaya, baridi haikutaka kuondoka. Barafu ilikaa juu ya maziwa hata Juni. Tena mwanzoni mwa Septemba sakitu ikaua mazao ambayo hayajakomaa. Serikali ilichelewa kuagiza nafaka ng'ambo, na bahari ikaganda meli zisipite. Watu wakaacha nyumba zao, wakatanga njiani wakiomba, na maradhi yakaenda pamoja nao. Homa na kuhara viliua wengi kuliko njaa yenyewe. Mwaka 1868 peke yake walikufa watu zaidi ya laki moja, katika nchi ya watu wasiofika milioni mbili. Sisi tuliosikia wazee wetu wakizitaja njaa kwa majina yake, twaelewa kwa nini watu wa namna hii hawachezei kipande cha mkate. Kwa ajili ya kuadhimisha miaka 100 ya uhuru, ambayo nchi iliitimiza mwaka 2017, ilipigwa kura ya kuchagua chakula cha taifa, na mkate wa rai ukashinda.

Liko na jaribu jingine, la vita. Katika jimbo la Karelia wanawake walioka mikate midogo: unga wa rai uliosukumwa ukawa mwembamba sana, ndani yake uji wa shayiri, na baadaye viazi au wali, kingo zikafinywa kwa vidole. Mwaka 1940, na tena 1944, sehemu kubwa ya jimbo hilo ilitwaliwa na Wasovieti. Watu zaidi ya laki nne wakahama, wakatawanywa nchini kote. Tanuru haichukuliki begani. Kufinya kingo kwachukulika. Wahamaji hao hawakupokewa vema kila mahali, lakini mikate yao ilipokewa, na leo huliwa nchi nzima, ikipakwa siagi iliyopondwa pamoja na mayai ya kuchemsha. Mwaka 2003 Umoja wa Ulaya uliilinda kwa sheria. Mwokaji asiyefuata kanuni yake hana ruhusa ya kuiuza kwa jina la Karelia. Yambidi aiite mikate ya wali tu.