Poda nyeupe: tangu udongo wa pemba mpaka kikopo cha dukani

Matokeo ya mtihani wa Serikali yakitangazwa, mtaa mzima unageuka mweupe. Waliofaulu wanamwagiwa poda kichwani, na wazazi nao wanajipaka. Mama akijifungua salama, wanaokuja kumpongeza wanapakwa usoni na shingoni. Hata familia iliyokimbia vita na kuacha kila kitu nyumbani inatafuta poda kidogo siku ya furaha.

Weupe huu ulikuwa na maana kabla ya kikopo kufika. Waluba walitumia udongo mweupe uitwao pemba katika kusimika wafalme na kuomba baraka za mizimu. Kwao weupe ulikuwa alama ya usafi na baraka.

Poda ya dukani ilitoka mbali. Talki ni jiwe laini sana, hata ukucha unalikwaruza. Likisagwa linakausha unyevu na kuteleza. Ndiyo sababu linapakwa kwapani, penye joto, na hata kwenye mpira wa ndani wa baiskeli usigandamane. Kampuni ya Johnson & Johnson ya Marekani ilianza kuuza poda ya watoto katika miaka ya 1890.

Lakini historia yake ina msiba pia. Mwaka 1972 huko Ufaransa, poda iitwayo Talc Morhange ilichanganywa kwa makosa na dawa nyingi ya kuua vijidudu. Sumu ikapita kwenye ngozi, watoto 36 wakafa. Tena, talki huweza kukaa ardhini pamoja na asbesto, inayoleta saratani. Baada ya kesi nyingi, Johnson & Johnson iliacha kuuza poda ya watoto ya talki Marekani na Kanada mwaka 2020, na duniani kote mwaka 2023, ikahamia wanga wa mahindi. Yenyewe inasema poda yake ilikuwa salama. Mwaka 2024, wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliiweka talki kati ya vitu ambavyo huenda vinaleta saratani.

Wamama, hatari iliyo karibu zaidi ni vumbi. Ndani ya hema lisilo na hewa, mtoto mchanga analivuta mpaka mapafuni. Mkaushe kwa kitambaa safi, inatosha. Kwa sherehe, toka nje, weka poda kiganjani, paka wakubwa, na mtoto akae mbali kidogo mpaka vumbi litulie.