Jadi ni ya Nani? The Weavers, Wimbo wa Mbube na Safari ya Nyimbo za Afrika katika Muziki Pendwa

Ikisiri

Makala hii inachunguza nafasi ya The Weavers, kikundi cha waimbaji wanne kilichoanzishwa New York mwaka 1948, katika mtandao wa muziki pendwa uliounganisha Johannesburg, New York na, baadaye, Nairobi. Hoja inayojengwa ni kwamba neno "jadi", ambalo kikundi hicho kililitumia kwa heshima, lilikuwa na nguvu ya kisheria iliyokwenda kinyume na heshima hiyo: lilimwondoa mtunzi katika wimbo wake na kumwingiza mchapishaji. Wimbo wa Mbube wa Solomon Linda ndio mfano mkuu, na Malaika unaletwa kwa ajili ya ulinganisho.

Kikundi na nyakati zake

Pete Seeger, Lee Hays, Ronnie Gilbert na Fred Hellerman walianza kuimba pamoja mwishoni mwa mwaka 1948. Seeger na Hays walikuwa wametoka katika The Almanac Singers, kikundi cha miaka ya vita kilichotumbuiza kwenye mikutano ya vyama vya wafanyakazi. Jina la kikundi kipya, lenye maana ya "Wafumaji", lilitokana na tamthilia ya Gerhart Hauptmann ya mwaka 1892 kuhusu uasi wa wafumaji wa Silesia. Walikuwa watu wa mrengo wa kushoto tangu mwanzo, na hawakuona sababu ya kulificha hilo.

Kilichowashangaza wengi, na pengine wao wenyewe, ni kwamba walipendwa sokoni. Mwaka 1950, santuri yao ya Goodnight, Irene, iliyotolewa na Decca kwa mpangilio wa okestra ya Gordon Jenkins, ilikaa kileleni mwa chati za Marekani kwa majuma 13. Mwimbaji waliyeupata wimbo huo kwake, Huddie Ledbetter aliyejulikana kwa jina la Lead Belly, alikuwa amefariki Desemba 1949, miezi michache tu kabla ya wimbo wake kuimbwa kila pembe ya nchi.

Neema hiyo haikudumu. Kijitabu cha Red Channels cha mwaka 1950 kilimtaja Seeger miongoni mwa wasanii walioshukiwa kuwa wakomunisti, na mwaka 1952 shahidi mmoja aliwataja wanakikundi mbele ya kamati ya Bunge la Wawakilishi; baadaye shahidi huyo alikiri kwamba alikuwa ametoa ushahidi wa uongo. Redio na televisheni ziliwafungia milango, kumbi zikavunja mikataba, na kikundi kikasambaratika. Walirejea jukwaani mkesha wa Krismasi wa mwaka 1955 katika ukumbi wa Carnegie, New York. Miezi minne kabla ya hapo Seeger alikuwa amekataa kujibu maswali ya kamati hiyohiyo. Alitiwa hatiani mwaka 1961 kwa kuidharau, na hukumu hiyo ikatenguliwa mwaka uliofuata.

Ni muhimu kulikumbuka hilo katika sehemu zinazofuata. Tunawazungumzia watu walionyang'anywa riziki kwa sababu ya imani yao, ambao waliamini kwamba kuimba nyimbo za wanyonge ni kuwatetea wanyonge.

Athari yao kwa waliowafuata haihitaji maelezo marefu. The Kingston Trio, kikundi kilichoanza mwaka 1957, kiliutwaa mtindo wao wa sauti zilizopangwa juu ya gitaa na banjo, kikauacha ujumbe wa kisiasa. Peter, Paul and Mary waliurudisha ujumbe huo mwaka 1962 walipoimba If I Had a Hammer, wimbo uliotungwa na Seeger na Hays mwaka 1949. The Byrds waliuchukua Turn! Turn! Turn! wa Seeger mwaka 1965 na kuuingiza katika muziki wa gitaa za umeme. Lakini kwa msomaji wa Afrika uhusiano mzito zaidi ni ule ulioanzia kwenye sahani moja ya santuri kutoka Johannesburg.

Kutoka Mbube hadi Wimoweh

Solomon Linda, mzaliwa wa Msinga katika nchi ya Wazulu, alikuwa mfungashaji wa santuri katika kampuni ya Gallo. Mwaka 1939 aliingia studio ya kampuni hiyo na kikundi chake, The Original Evening Birds, na kurekodi Mbube, yaani "Simba". Sauti nzito za wenzake zilirudia msingi uleule huku yeye akiimba juu yao kwa sauti nyembamba ya kupanda. Wimbo ulirekodiwa mara tatu, na katika mara ya tatu, karibu na mwisho, Linda alibuni papo hapo mstari mfupi wa noti ambao leo unatambulika karibu duniani kote. Santuri hiyo iliuzwa sana Kusini mwa Afrika, hata jina la wimbo likawa jina la mtindo mzima wa uimbaji wa wanaume wa Kizulu. Katika ukoo huohuo wa uimbaji ndimo walimotoka, miongo miwili baadaye, Ladysmith Black Mambazo.

Baadaye mkusanyaji wa nyimbo Alan Lomax alimpa Seeger nakala ya santuri hiyo. Seeger aliusikiliza wimbo mara nyingi na kuuandika kwa masikio. Neno la Kizulu uyimbube, yaani "wewe ni simba", lilifika sikioni mwake kama Wimoweh, na The Weavers wakaurekodi kwa jina hilo, tena na okestra ya Jenkins. Jina la mtunzi lililochapwa halikuwa Solomon Linda. Lilikuwa Paul Campbell.

Mtunzi asiyekuwepo

Paul Campbell hakuzaliwa wala hakufa. Lilikuwa jina la kupanga ambalo wanakikundi na mchapishaji wao walilitumia kusajili mipangilio mipya ya nyimbo zilizoaminika kuwa za jadi. Utaratibu wenyewe unastahili kuelezwa kwa makini, maana ndiko kiini cha jambo kiliko. Chini ya sheria ya hakimiliki ya wakati huo, wimbo usio na mtunzi anayejulikana ni mali ya umma: yeyote aweza kuuimba bila kumlipa mtu. Lakini mtu akiupanga upya, mpangilio wake unalindwa, naye anastahili mirabaha. Kwa hiyo, wimbo ukiitwa wa jadi, anayeutoa halipwi, ila anayeupanga hulipwa. Mchapishaji akilisajili jina la kupanga, fedha hugawanywa baina yake na wapangaji.

Kwa nyimbo zilizokuwa za jadi kweli, utaratibu huu ulikuwa na mantiki yake. Kisses Sweeter than Wine, kwa mfano, ulitokana na wimbo wa kale wa Ireland uliopitia mikononi mwa Lead Belly kabla ya kuwafikia The Weavers, na haikuwa rahisi kusema ni nani hasa alipwe. Mbube haukuwa hivyo. Ulikuwa na mtunzi aliyekuwa hai, anayefanya kazi katika kampuni iliyotoa santuri, tena jina lake limechapwa kwenye santuri yenyewe. Uliitwa wa jadi kwa sababu ulitoka Afrika, na msikilizaji wa New York alidhani kwamba Afrika ina makabila na ngoma lakini haina watunzi.

Hapa si haki kumhukumu Seeger kama mwizi. Alipofahamu kwamba wimbo una mwenyewe, alimpelekea Linda dola 1,000 na kuwaagiza wachapishaji wampe mirabaha yake. Agizo hilo halikutekelezwa kama alivyotaka, naye baadaye alisikitika kwamba hakulifuatilia. Hata hivyo, nia njema ya msanii haiwezi kushika nafasi ya mkataba. Mwaka 1952 Linda mwenyewe alikuwa ameikabidhi Gallo haki zake, kwa malipo ambayo taarifa nyingi huyataja kuwa shilingi 10.

Mwaka 1961 watunzi watatu wa New York, George Weiss, Hugo Peretti na Luigi Creatore, waliuongezea wimbo huo maneno ya Kiingereza, wakauchukua ule mstari uliobuniwa studio mwaka 1939 kuwa ndio lahani kuu, na kikundi cha The Tokens kikauimba kwa jina la The Lion Sleeps Tonight. Ulishika nafasi ya kwanza Marekani. Linda alifariki mwaka 1962 kwa ugonjwa wa figo, akiwa fukara. Mwaka 1994 wimbo ulitumika katika filamu ya Disney, The Lion King.

Sheria ya dola iliyokwisha

Suala hili lilifufuliwa mwaka 2000 na makala ndefu ya mwandishi wa Afrika Kusini, Rian Malan. Kilichofuata ni cha kuzingatiwa na washauri wa sera, kwa sababu silaha iliyotumika haikuwa mpya. Wakili Owen Dean alirejea Sheria ya Hakimiliki ya Uingereza ya mwaka 1911, iliyokuwa ikitumika Afrika Kusini wakati Linda alipotia sahihi. Kifungu chake kimoja kiliweka kwamba haki alizozihamisha mtunzi akiwa hai hurejea kwa mirathi yake miaka 25 baada ya kifo chake. Kwa hesabu hiyo, haki za Mbube zilipaswa kurudi mwaka 1987. Kesi ilifunguliwa mwaka 2004 dhidi ya Disney, na ili mahakama ya Afrika Kusini ipate mamlaka juu ya kampuni ya kigeni, alama za biashara za Disney zilizosajiliwa nchini humo zilishikiliwa. Februari 2006 pande zilikubaliana nje ya mahakama: Linda akatambuliwa kuwa mtunzi mwenza, na familia yake ikalipwa mirabaha ya nyuma na kuhakikishiwa ya baadaye kupitia mfuko wa udhamini.

Kifungu hicho kilitungwa London kwa ajili ya warithi wa waandishi wa Kiingereza. Sheria hiyo ya 1911 ilitumika pia Kenya na Tanganyika kabla ya nchi zetu kutunga sheria zao mwaka 1966. Ni vigumu kufikiri kwamba Linda ndiye mtunzi pekee barani aliyekabidhi wimbo kwa bei ya chakula cha mchana katika miaka hiyo.

Malaika na tuzo ya muziki wa jadi

Nyuzi za mtandao huu hazikukoma Johannesburg. Mwaka 1960 Miriam Makeba, aliyekuwa amewasili Marekani kwa msaada wa Harry Belafonte, aliurekodi Mbube akiitikiwa na The Chad Mitchell Trio, kikundi kilichokulia katika kivuli cha The Weavers. Mwaka 1965 Makeba na Belafonte walitoa albamu ya pamoja iliyokuwa na Malaika ndani yake, na mwaka uliofuata albamu hiyo ikapata tuzo ya Grammy katika kundi la rekodi za muziki wa jadi.

Msomaji wa Afrika Mashariki atatabasamu hapo. Malaika ulikuwa wimbo wa mapenzi wa mjini, wa gitaa, uliorekodiwa Nairobi na Fadhili William katika studio za kibiashara. Kijana wa mjini anayelalamikia ukosefu wa mahari si ngano ya kale. Mzozo kuhusu nani aliutunga, Fadhili William mwenyewe au Adam Salim wa Tanzania, umeendelea kwa miongo mingi, lakini hakuna upande unaodai kwamba wimbo hauna mtunzi. Kuuingiza katika kundi la jadi kulitokana na lugha yake kuwa ya Kiafrika. Mbube ulitendewa vivyo hivyo miaka 13 kabla yake, ingawa safari hii waimbaji wenyewe walikuwa weusi na wapigania uhuru. Boney M walipourekodi Malaika mwaka 1981, uliingia Ulaya kama muziki wa dansi, na swali la mwenyewe likabaki palepale.

Kukusanya na kusajili

Kuna mfano wa kinyume ndani ya mduara uleule. Frank Hamilton, aliyejiunga na The Weavers mwanzoni mwa miaka ya 1960, alikuwa pamoja na Seeger miongoni mwa wanne waliotajwa katika hakimiliki ya We Shall Overcome. Mirabaha ilielekezwa kwenye mfuko unaosaidia shughuli za jamii za Wamarekani weusi wa Kusini. Waliousajili walijua kwamba wimbo ukiachwa bila kusajiliwa kwa kuwa ni wa jadi, mwingine atausajili.

Sheria zetu za leo zimelisogelea tatizo hili kutoka upande wa jamii. Itifaki ya Swakopmund ya mwaka 2010, chini ya shirika la hakimiliki ubunifu la ARIPO, na sheria ya Kenya ya mwaka 2016 kuhusu maarifa ya jadi na semi za kitamaduni, zinaipa jamii haki juu ya urithi wake. Hiyo ni hatua kubwa. Lakini Linda hakudhulumiwa kwa sababu jamii ya Wazulu ilikosa ulinzi. Alidhulumiwa kwa sababu mtu mmoja alifanywa kuwa jamii. Daftari la semi za kitamaduni lisilouliza kwanza kama wimbo una mtunzi linaweza kuirudia dhuluma hiyo, safari hii kwa muhuri wa serikali.

Mahali pa kuanzia pako karibu. Kanda za iliyokuwa Redio Tanzania Dar es Salaam, pamoja na hazina za studio za Nairobi na Mombasa, zinapohamishiwa katika mifumo ya kidijitali, kila kanda hupewa maelezo mapya na mtu aliyeketi mbele ya kompyuta. Nafasi ya "mtunzi" ikiwa haina jina, mkono huenda haraka kwenye maneno "wimbo wa asili". Yafaa nafasi hiyo iachwe wazi mpaka mpiga gitaa aliyetajwa kwenye jalada, au watoto wake, watafutwe na kuulizwa.