Jiwe Jeusi la Mwanafunzi

Mwaka 1974 nilikuwa nafundisha darasa la sita huko Muleba. Siku moja somo la historia lilihusu Enzi ya Chuma. Mimi naandika ubaoni, watoto wananakili. Ghafla kijana mmoja akasimama, mkononi ana jiwe jeusi, zito, lenye matundu, ameliokota mgombani kwao.

"Mwalimu, babu anasema haya ni mavi ya chuma."

Darasa zima likacheka. Nikamwambia alitupe nje, tuendelee na somo. Akalitupa.

Wakati huo Elimu ya Kujitegemea ilikuwa na miaka saba, na sisi walimu tuliijua kwa kichwa. Mwalimu Nyerere alitaka shule imjenge mtoto awe na akili ya kudadisi. Tulishika jembe na shamba la shule, kudadisi tukakusahau.

Sasa sikiliza yaliyotokea upande wa pili, Bukoba. Peter Schmidt, Mmarekani anayechimbua mambo ya kale, alikuwa amefukua mabaki ya ufuaji chuma huko Katuruka. Mwaka 1976 wazee wa Kihaya waliyeyusha tena chuma mbele yake. Kazi hiyo walikuwa wameiacha miaka mingi, kwani chuma cha bei nafuu kutoka Ulaya kiliiua. Kitabu hawakuwa nacho. Walichimba shimo, wakachoma humo manyasi ya bwawani, wakasimamisha tanuri kwa udongo wa kichuguu. Na unajua waliuchanganya udongo huo na nini? Mavi ya chuma ya kale, yale yale niliyoamuru yatupwe! Wakaingiza mirija ya udongo, wakavuta mivukuto. Walijaribu, wakabishana, wakarekebisha. Joto likapita nyuzi 1,800.

Mwaka 1978 Schmidt na mwenzake Donald Avery, mtaalamu wa metali, waliandika katika jarida la Science kwamba Wahaya wa kale walitengeneza chuma cha pua, na kwamba tanuri zilizofukuliwa Kemondo zilikuwa na umri wa zaidi ya miaka 1,500. Wapo wataalamu waliobisha baadaye, hasa juu ya hewa kupata moto ndani ya mirija kabla ya kufika kwenye mkaa. Wabishane tu, wao angalau jiwe wanalo mkononi.

Habari hizo zilinifikia nikiwa nimekwisha hamishwa. Nilipopata likizo nilirudi kijijini kumtafuta yule babu. Nilionyeshwa kaburi lake, katikati ya migomba. Mkwewe alinipokea vizuri, akanikaribisha kahawa, akashangaa mtu mzima kuomba jiwe. "Chukua, mwalimu, yamejaa tele."

Nilichukua moja. Tangu hapo, mpaka nilipostaafu, kila nilipofika kwenye somo hilo nililiweka mezani kabla ya kushika chaki, nikanyamaza. Dakika mbili, tatu, kimya. Kisha mmoja huinua mkono:

"Mwalimu, mbona lina matundu?"